Kati ya Eti na Kumbe: Lugha ya Msako na Hukumu ya Baraza katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watu wasio askari wala mahakimu wanavyowazungumzia vijana wanaosakwa porini kwa tuhuma za mauaji, na yanauliza riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imewafunza nini wazungumzaji hao. Kwa upande mmoja zinasomwa riwaya za Mohamed Said Abdulla na *Haini* ya Adam Shafi. Kwa upande wa pili yanachambuliwa maneno yanayotawala mazungumzo ya misako halisi ya Pemba, Kanada na Bungoma. Hoja kuu ni kuwa Kiswahili kina nyenzo za kisarufi zinazoiacha tuhuma ibaki tuhuma, na kwamba riwaya za Bwana Msa zilizitumia kwa nidhamu. Msako, tofauti na upelelezi, huzidhoofisha nyenzo hizo kwa kulifunga swali la "nani?" kabla halijajibiwa. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza *Haini* isomwe sambamba na riwaya za Bwana Msa, ili anayesakwa apate sauti katika ufundishaji wa utanzu huu.

1.0 Utangulizi

Kuna swali ambalo kila aliyewahi kukaa barazani analijua: "Kama hakufanya, mbona amekimbia?" Swali hili halingoji jibu. Anayeliuliza amekwisha kuhukumu, na anawaalika wenzake waiunge mkono hukumu yake. Linaulizwa Ole, kaskazini mwa Chake Chake kisiwani Pemba, ambako mwandishi wa makala haya alizisoma riwaya za Bwana Msa kwa mara ya kwanza, kwa sauti ileile linayoulizwa Tanga, Mombasa au Bungoma. Hata hivyo, Pemba ni mahali ambapo swali hili lina jibu. Watu wazima wa kisiwa hiki wanaikumbuka Januari ya mwaka 2001, pale watu wengi, vijana hasa, walipoyakimbia makazi yao na kujificha vichakani na mikokoni. Wengi wao hawakukimbia kwa sababu walikuwa wameua mtu. Walikimbia kwa sababu walihofia kukamatwa kabla ya kuulizwa.

Makala haya yanaanzia katika mgongano huo: jamii inayojua kwa uzoefu wake kwamba kukimbia si kukiri, lakini ambayo, inapozungumzia mkimbiaji wa mbali, hurudi upesi kwenye swali lilelile. Mgongano huu hauelezeki kwa kusema kuwa watu ni wasahaulifu. Unaelezeka vizuri zaidi tukiitazama lugha ya mazungumzo yenyewe na aina ya masimulizi ambayo mazungumzo hayo yanayaiga. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na riwaya ya upelelezi, na riwaya hiyo imemzoesha kungoja neno moja: *kumbe*. Swali la makala haya ni hili: hutokea nini pale msako unapomalizika kwa maiti ya mtuhumiwa, na *kumbe* haikufika?

2.0 Upelelezi na Msako

Katika uhakiki wa riwaya pendwa ya Kiswahili, upelelezi na msako mara nyingi huwekwa katika kapu moja. Kwa hoja ya makala haya, ni lazima vitenganishwe. Upelelezi huanza na maiti na huuliza "nani?" Msako huanza na jina na huuliza "wapi?" Katika upelelezi, kila aliyemo katika hadithi ni mtuhumiwa kwa zamu, na msomaji hujifunza kuigawa shaka yake. Katika msako, shaka imekwisha kumiminwa yote juu ya mtu mmoja au wawili. Kilichobaki ni ardhi, umbali na muda.

Tofauti hii imo ndani ya neno lenyewe. Kabla ya kuingia katika taarifa za polisi, kitenzi *saka* kilikuwa cha uwindaji: watu na mbwa wanaokizunguka kichaka ili kumtoa mnyama aliyejificha. Mtu anaposemwa kuwa "anasakwa", hukalishwa katika nafasi ambayo lugha ilikuwa imemwekea mnyama. Hapelelezwi, maana anayepelelezwa bado anaweza kuonekana kuwa sio. Anayesakwa anaweza tu kupatikana au kutopatikana.

Mfano ulio wazi unatoka mbali na pwani yetu. Tarehe 15 Julai 2019, miili ya vijana wawili wasafiri, mwanamume wa Australia na mwanamke wa Marekani, ilikutwa kando ya barabara kuu ya kuelekea Alaska, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Siku nne baadaye, mamia ya kilomita kutoka hapo, karibu na Dease Lake, ulikutwa mwili wa mwalimu wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 64. Karibu na eneo hilo lilikutwa pia gari lililoteketezwa, na waliokuwa wakilitumia, vijana wawili wa Port Alberni wenye umri wa miaka 18 na 19, hawakuonekana. Mwanzoni walitangazwa kuwa wamepotea, na watu waliwahofia kuwa nao pia wameuawa. Tarehe 23 Julai polisi walitangaza kwamba vijana haohao ndio washukiwa. Kwa tangazo moja, waliokuwa *wamepotea* wakawa *wanasakwa*.

Mabadiliko haya ya vitenzi yanastahili kutazamwa kwa makini. *Potea* ni kitenzi ambacho kiima chake hupatwa na jambo: aliyepotea huombewa dua. *Sakwa* ni kauli ya kutendwa yenye mtendaji anayejulikana, yaani dola na wasaidizi wake. Ukweli kuhusu watu wale wawili ulikuwa uleule tarehe 22 na tarehe 23. Kilichogeuka ni kitenzi, na pamoja na kitenzi ikageuka huruma ya wasikilizaji. Kuanzia siku ile, watu waliofuatilia habari hizi kwa simu zao kutoka kila pembe ya dunia, bila mafunzo yoyote ya upelelezi, walikuwa na swali moja: wako wapi? Ramani za misitu na vinamasi vya Gillam, kaskazini mwa Manitoba, zilichambuliwa na watu ambao hawajapata kukanyaga huko. Swali la "nani?" lilikuwa limefungwa, na la "kwa nini?" likajazwa na kila mtu kwa dhana yake.

Riwaya ya Kiswahili nayo ilipita njia hii. Kutoka Bwana Msa wa Abdulla hadi Willy Gamba wa Elvis Musiba katika *Kufa na Kupona* (1974), utanzu ulihama kwa kiasi kikubwa kutoka kitendawili kwenda kwenye mbio. Gamba ni jasusi wa serikali. Adui wake hutambulika mapema na mara nyingi humalizwa kwa bastola. Msomaji wa riwaya ya namna hiyo hafundishwi kugawa shaka. Hufundishwa kuhesabu hatua zilizobaki kabla adui hajafikiwa.

3.0 Sarufi ya Tuhuma

Kiswahili kina nyenzo nyingi za kueleza kwamba msemaji hakushuhudia anachokisema. Tatu zinatosha kwa hoja yetu.

Ya kwanza ni *eti*, au *ati*. Tukiacha matumizi yake ya kuitia mtu au kuulizia, *eti* huweka ukingo kati ya msemaji na habari. Anayesema "Alionekana Konde" ameichukua dhamana. Anayesema "Eti alionekana Konde" ameipokea habari, ameipitisha, na ameacha alama kwamba si yake. Mara nyingi huacha pia chembe ya shaka, au hata ya kejeli.

Ya pili ni *inasemekana*. Wanaisimu wamezoea kutofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na hapa tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili. "Inasemwa" huacha nafasi ya mtendaji kurudi: inasemwa na polisi, inasemwa na jirani. "Inasemekana" haina nafasi hiyo; "inasemekana na jirani" si Kiswahili. Neno halikumficha msemaji wa kwanza tu, bali limemwondolea hata kiti. Muundo huohuo umo katika fungu la maneno lililoenea Tanzania mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti na maeneo jirani, ambako askari wanane waliuawa tarehe 13 Aprili: *watu wasiojulikana*. Fungu hilo halisemi ni nani asiyewajua. Linaifanya hali ya kutojulikana iwe sifa ya watu hao, kama urefu au weusi, badala ya kuwa upungufu wa anayetafuta.

Ya tatu ni jozi ya majina: *mtuhumiwa*, au *mshukiwa* kama wasemavyo zaidi Kenya, na *muuaji*. Mtuhumiwa ni jina lililotokana na kauli ya kutendwa, ndani yake umo uwezekano wa kuuliza, "ametuhumiwa na nani, na kwa ushahidi gani?" Muuaji limejengwa kwa kiambishi *-ji*, ambacho huashiria utendaji wa mazoea au wa kazi: msomaji, mchezaji, mwindaji. Kumwita mtu muuaji, hata pale ambapo ni kweli ameua, ni kukigeuza kitendo kimoja kuwa tabia. Kiswahili kina njia ya kusema kweli bila kuongeza chumvi: "aliyeua". Kishazi hiki hukiweka kitendo katika wakati wake na kumwacha mtu awe na wakati mwengine. Barazani, safari kutoka *anayetuhumiwa* hadi *muuaji* huwa fupi mno, na *aliyeua* hurukwa.

Nyenzo hizi zina sura mbili, na ni lazima jambo hili likubaliwe. Mtu anaweza kudai kwamba *eti* na *inasemekana* si kinga ya mtuhumiwa bali ni kinga ya msengenyaji: humruhusu aeneze habari mbaya bila kuwajibika. Dai hili lina nguvu, na methali "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja" inalitia nguvu zaidi, kwa kuwa inaigeuza habari ya kusikia kuwa dalili ya ukweli. Jibu la makala haya ni kuwa *eti* hulinda pale tu panapokuwa na mtu wa kuipima. Tarehe 28 Julai 2019, katika msako wa Kanada, wananchi wa kikundi cha kujitolea walisema wamewaona watu wawili wanaofanana na wanaosakwa karibu na jalala la York Landing. Nguvu za msako zilihamishiwa huko, zikatafuta, hazikupata kitu, na habari ikaachwa. Ilikuwa *eti*, ikapimwa kama *eti*. Hatari huanza pale mpimaji anapokosekana, au pale anayepima na anayesema wanapokuwa mtu mmoja.

4.0 Bwana Msa na Nidhamu ya Asiye Askari

Mohamed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Riwaya yake ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda shindano la uandishi kabla haijachapishwa mwaka 1960. Ilifuatwa na *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Wahakiki wameandika mara nyingi kuhusu kiko cha Bwana Msa na urafiki wake na Najum, na kuvihusisha na Sherlock Holmes na Watson. Ulinganisho huo ni sahihi, lakini umewafanya wengi wasilione jambo la karibu zaidi: Bwana Msa ni mtu wa baraza. Hana cheo cha polisi. Mamlaka yake yote yanatokana na kuzungumza vizuri na kusikiliza vizuri zaidi.

Hapo ndipo riwaya hizi zinapohusika na mada yetu. Abdulla alimchukua mzungumzaji asiye askari, yuleyule anayeweza kuuliza "mbona amekimbia?", akampa nidhamu. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mauaji yanahusishwa na mahali penye mzimu, na kauli za watu zinaelekea haraka kwa nguvu za ghaibu. Katika *Kisima cha Giningi* jina la kisima lenyewe ni kishawishi. Katika masimulizi ya visiwani, Giningi ni makao ya wachawi, na mara nyingi huhusishwa na Pemba. Msomaji wa Ole anapolikuta jina hilo katika riwaya, analisoma akijua kwamba kisiwa chake kimekwisha kutuhumiwa kabla hadithi haijaanza. Kazi ya Bwana Msa ni kuiondoa tuhuma mahali ilipotupwa na desturi na kuiweka mahali inapoelekezwa na ushahidi. Hazuii watu kusema *eti*. Anachokifanya ni kuzikusanya *eti* zote na kuzilinganisha.

Kipengele cha pili ni nasaba. Wenyeji wanaposikia kuwa kijana fulani anatafutwa, swali la kwanza barazani huwa "mtoto wa nani huyo?" Swali hili linaweza kuwa la huruma, maana linamrudisha kijana katika ukoo wake, linaweza pia kuwa la kuutwisha ukoo mzima lawama. Abdulla alilifahamu vyema. Visa vyake vingi hujengwa juu ya siri za nasaba: mtu si mtoto wa aliyedhaniwa kuwa baba yake, ndugu hawajijui kuwa ni ndugu. Njia ya kufikia "nani ameua?" hupitia "mtoto wa nani?", lakini jibu la barazani kuhusu nasaba mara nyingi huwa ndilo kosa la kwanza linalopaswa kusahihishwa. Riwaya hizi zinatuonya kwamba tunachodhani tunakijua zaidi kuhusu kijana wa jirani, yaani wazazi wake, ndicho tunachoweza kuwa hatukijui.

Kipengele cha tatu ni mwisho. Bwana Msa hueleza. Mafumbo hufumbuliwa mbele ya wasikilizaji, hatua kwa hatua, na *kumbe* ya msomaji huja ikiwa imelipiwa gharama yake yote. Nguvu ya utanzu iko hapa, na udhaifu wake pia uko hapa. Msomaji anayezoea kuipata *kumbe* kila mara anaweza kuamini kuwa kila kifo kina maelezo kamili na kila mtuhumiwa ana ukurasa wa mwisho. Inafaa kukumbuka kuwa Abdulla mwenyewe aliipa riwaya yake ya mwaka 1984 jina linalomhusisha Bwana Msa na kosa. Mwandishi aliyemjenga mpelelezi huyo hakuona haya kuliweka neno hilo juu ya jalada.

5.0 Upande wa Anayesakwa

Riwaya za Bwana Msa humtazama mtuhumiwa kutoka nje. Anapofikiri, hatumsikii, anapoogopa, tunaambiwa uso wake umebadilika, na kubadilika uso kwake kunaingizwa katika ushahidi. Ili kuona upande wa pili ni lazima tumwendee mwandishi mwengine wa Zanzibar.

*Haini* (2003) ya Adam Shafi imejengwa juu ya kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi wake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini wakati huo. Katika riwaya hii hakuna Bwana Msa. Hakuna anayekusanya kauli na kuzilinganisha. Kauli inatafutwa kwa mateso, na inatakiwa ifanane na ile ambayo mhojaji anayo tayari. Tukitumia istilahi za sehemu ya pili, chumba cha mahojiano katika *Haini* ni msako uliojifanya upelelezi: swali linaloulizwa ni "nani?", lakini jibu limeandikwa kabla. Jina la riwaya lenyewe ni hukumu. Neno *haini* halina kauli ya kutendwa wala nafasi ya kuuliza "kwa mujibu wa nani?" Msomaji hulibeba neno hilo kutoka jaladani hadi mwisho akiwa pamoja na watu waliopachikwa, na polepole hujifunza kulitamka kwa namna nyengine, kana kwamba lina *eti* mbele yake.

Historia ya Pemba inaipa *Haini* wasomaji wanaoielewa bila tanbihi. Tarehe 27 Januari 2001, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia, vyombo vya dola viliwapiga watu risasi Pemba na Unguja, na Micheweni askari polisi mmoja aliuawa. Idadi ya waliokufa ilipita 30. Msako ulifuata. Wapo waliojificha vichakani na mikokoni, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Baadaye iliundwa tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na Oktoba mwaka huohuo vyama vya CCM na CUF vilitia saini muafaka. Askari aliyeuawa alikuwa na haki ya kutafutiwa waliomuua, na raia waliouawa walikuwa na haki hiyohiyo. Lakini walioingia mashuani walikuwa wengi kuliko mkono wowote unaoweza kushika silaha moja.

Kiswahili kina majina mawili kwa mtu wa namna hiyo. *Mkimbizi* ni aliyekimbia, na tumelizoea katika maana ya anayestahili hifadhi. *Mtoro* pia amekimbia, lakini amekimbia wajibu au adhabu. Miguu ni ileile na kichaka ni kilekile. Jina hutolewa na anayesimulia. Mtu wa Pemba anayeuliza "mbona amekimbia?" juu ya kijana wa mbali amechagua *mtoro* pale ambapo, kwa watu wake mwenyewe, angechagua *mkimbizi*. Pengine chaguo hilo ni sahihi kwa kijana huyo. Lakini ni chaguo, na lugha inatudai tujue kwamba tumechagua.

6.0 Kumbe Isiyofika

Misako miwili itatuonyesha kinachotokea baada ya mbio kwisha.

Tarehe 7 Agosti 2019 miili ya vijana wawili waliosakwa Kanada ilikutwa karibu na Mto Nelson, kilomita chache kutoka mahali walipolichoma gari lao la pili. Walikuwa wamejiua. Septemba mwaka huohuo polisi walieleza kuwa vijana hao waliacha video walimokiri mauaji yote matatu, lakini hawakueleza sababu wala kuonyesha majuto. Kwa kipimo cha msako, kazi ilikwisha. Kwa kipimo cha riwaya, ukurasa wa mwisho umechanwa katikati: "nani?" limejibiwa, "kwa nini?" limezikwa. Waliokuwa wakizungumza hawakunyamaza. Pale ambapo *kumbe* ya kweli haikufika, walitunga yao, na kila mmoja akaiamini aliyoitunga.

Msako wa pili uko karibu zaidi. Julai 2021 kijana wa miaka 20 alikamatwa Kenya, na polisi wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi katika muda wa miaka mitano. Tarehe 13 Oktoba, siku aliyopaswa kufikishwa mahakamani, iligundulika kuwa ametoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo, Nairobi. Siku mbili baadaye alipatikana kwao Bungoma. Hakupatikana na askari. Alipatikana na wananchi, nao wakamuua.

Hakuna anayesoma kisa hiki asiyewafikiria kwanza watoto na wazazi wao, na makala haya hayamtetei aliyetuhumiwa kuwaua. Yanauliza tu kilichopotea katika siku zile mbili. Waliomtambua walikuwa na ujuzi wa baraza kwa ukamilifu wake: walijua ni mtoto wa nani, walijua njia ambazo angepita, walijua kuwa angerudi. Walikuwa na kila alichokuwa nacho Bwana Msa isipokuwa kungoja. Methali "Za mwizi ni arubaini" ilitimia, na pamoja nayo likafungwa jalada ambalo wazazi ndio waliokuwa na haki ya kwanza ya kulifungua. Mahakama ingewaita, ingewasikiliza, ingeuliza miaka mitano ilipitaje, na nani hakusikiliza pale mtoto wa kwanza alipotoweka. Aliyekufa kabla ya hukumu hubaki *mtuhumiwa* katika sheria milele, hata kama kila mdomo unamwita *muuaji*. Na wazazi hubaki na *inasemekana*.

Riwaya ya Kiswahili iliwahi kuonyesha kwamba inawezekana kusema mtu ameua bila kumfuta. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) ya Euphrase Kezilahabi, Tumaini anamuua afisa wa serikali na anahukumiwa kifo. Hakuna kitendawili: tunajua ameua. Lakini tumeishi naye tangu zamani, na jina *muuaji* linapomfikia halitoshi kuyafunika maisha tuliyoyaona. Kezilahabi hamsamehe. Anatulazimisha tu tutumie kishazi kirefu, *aliyeua*, badala ya jina fupi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mazungumzo ya watu wa kawaida juu ya vijana wanaosakwa yana sarufi, na kwamba sarufi hiyo inaweza kuhakikiwa kama inavyohakikiwa riwaya. Kiswahili kimetupa *eti* ya kupokelea habari bila kuimeza, *mtuhumiwa* ya kuliacha swali wazi, na *aliyeua* ya kukisema kitendo bila kumaliza mtu. Abdulla alimwonyesha msomaji wake jinsi mtu asiye askari anavyoweza kuzitumia nyenzo hizo. Alichomzoesha pia, bila shaka bila kukusudia, ni kuamini kwamba *kumbe* lazima ije.

Kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, pendekezo ni dogo na linatekelezeka. Riwaya za Bwana Msa zisifundishwe peke yake kama mfano wa utanzu wa upelelezi. Zisomwe sambamba na *Haini*, ili msomaji aliyefurahia kutafuta ajue pia kutafutwa kulivyo. Utafiti zaidi unahitajika juu ya lugha ya taarifa za polisi na magazeti, hasa mahali ambapo *mtuhumiwa* hugeuka *muuaji* ndani ya aya moja, na juu ya masimulizi ya Wapemba waliovuka kwenda Shimoni, ambayo bado yanangoja mwandishi wake wa riwaya.

Ama lile swali la barazani, halihitaji kukatazwa. Linahitaji kuulizwa kama swali. "Mbona amekimbia?" likiulizwa na mtu aliye tayari kungoja jibu ni mwanzo wa upelelezi. Likiulizwa na asiyengoja, ni mwanzo wa msako, na Pemba inajua msako unavyoonekana kutoka ndani ya mikoko.